Jedwali, kamusi au korpasi? Tathmini ya zana za kujifunzia viunganishi vya Kiingereza

Zana inayotumika kuliko zote ni ile ya bure: jedwali la ukurasa mmoja. Lina safu tano au sita zenye vichwa kama "kuongeza", "kutofautisha", "sababu", "matokeo", "mifano" na "hitimisho", na chini ya kila kichwa maneno yamepangwa kama yote ni ya aina moja. Linazunguka kwenye makundi ya wanafunzi, linabandikwa ukutani, linachapwa nyuma ya vitabu vya mazoezi. Kwa tathmini yetu, hakuna zana nyingine katika hizi tutakazozipima inayozaa makosa mengi kama hili.

Maneno yenyewe ni sahihi. Kinachoharibu ni mpangilio. Tazama safu ya kutofautisha: utakuta "but", "however", "although", "despite", "whereas", "nevertheless" na "on the contrary" zimekaa pamoja, na anayejifunza anachukulia kwamba linaloingia hapa linaingia na pale. Kisarufi, maneno hayo ni ya familia tatu ambazo hazibadilishani nafasi.

"But" na "although" ni viunganishi hasa: vinafunga vishazi viwili ndani ya sentensi moja. "However" na "nevertheless" ni vielezi. Vinamwonyesha msomaji jinsi sentensi hii inavyohusiana na iliyotangulia, lakini haviwezi kuzifunga sentensi hizo pamoja. "Despite" ni kihusishi, nacho kinataka nomino au kitenzi chenye "-ing" baada yake. Wazo moja, basi, linaandikwa kwa njia hizi nne:

"It rained heavily, but the match went on."
"Although it rained heavily, the match went on."
"It rained heavily. However, the match went on."
"Despite the heavy rain, the match went on."

Angalia nukta kabla ya "However" na mkato baada yake. Ukiandika "It rained heavily, however the match went on", umezifunga sentensi mbili huru kwa mkato peke yake, na mkato hauna uwezo huo. Weka nukta, au weka nukta-mkato kama unaona mawazo mawili yanakaribiana sana. Angalia pia mstari wa nne: "it rained heavily" imegeuzwa kuwa "the heavy rain", kwa sababu "Despite it rained" haikubaliki. Nayo "despite of" inatokana na kuichanganya na "in spite of"; ya kwanza haina "of" kamwe, ya pili haikosi. Wapo wanaokimbilia "despite the fact that", ambayo kisarufi haina kosa, ila maneno yote hayo yanafanya kazi ambayo "although" ingeifanya peke yake.

Kuna jaribio la haraka la kutenganisha familia ya kwanza na ya pili: jaribu kulihamisha neno. Kielezi kinahama, kiunganishi hakihami. "The match, however, went on" ni sawa. "The match went on, however" ni sawa pia. Sasa weka "but" katika nafasi hizo: "The match, but, went on." Haisomeki. Jaribio hilohilo linatenganisha "therefore" na "so", na "moreover" na "and". Anayelizoea hahitaji tena kukariri kanuni ya mikato, maana neno linalohama ndilo linalohitaji nukta au nukta-mkato kabla yake linapofungua kishazi cha pili.

Safu ya sababu ina mtego uleule. "Because" inafuatwa na kishazi, "because of" na "due to" zinafuatwa na nomino. Katika safu ya mifano, "for example" inaweza kufungua sentensi kamili lakini "such as" haiwezi. "Some metals conduct electricity well. Such as copper." Kile kipande cha pili si sentensi. Iandikwe: "Some metals, such as copper and aluminium, conduct electricity well."

Jedwali zuri lingepangwa mara mbili: maana ikienda chini, aina ya neno ikienda kando. Kama unalo la kawaida, usilitupe. Chora safu tatu, ya viunganishi, ya vielezi na ya vihusishi, kisha hamishia humo kila neno, na kando ya kila moja andika sentensi kamili yenye alama zake za uakifishaji. Maneno ishirini yanatosha. Orodha ya maneno mia moja inavutia macho tu. Mwandishi wa insha ya kurasa mbili hawezi kuyatumia yote, na akijaribu ataharibu insha.

Tukija kwenye maana, jedwali linapotosha zaidi, kwa sababu hapa kosa halionekani kwa macho. Sentensi inakuwa safi kisarufi huku ikisema jambo jingine.

"On the contrary" ndiyo inayoongoza. Wengi wanaiandika wakikusudia kulinganisha vitu viwili, lakini kazi yake ni kukanusha kauli: "The test was not easy. On the contrary, it was the hardest of the year." Sentensi zote mbili ziko upande mmoja, zote zinasema mtihani ulikuwa mgumu. Ukitaka kulinganisha vitu viwili tofauti, tumia "in contrast" au "whereas". Ukitaka pande mbili za jambo moja, faida na hasara kwa mfano, hapo "on the other hand" inafaa, hata kama hukutanguliza "on the one hand".

"At first" haimaanishi hoja ya kwanza. Inamwahidi msomaji kwamba hali ya mwanzoni itabadilika: "At first the engine was noisy." Msomaji anasubiri kusikia kilichotokea baadaye, na usipomwambia anaachwa njiani. Hoja ya kwanza ni "first" au "firstly". Vivyo hivyo "at last" hubeba furaha ya kitu kilichosubiriwa muda mrefu, wala haitambulishi hoja ya mwisho.

"Moreover" inaongeza hoja nzito upande uleule wa hoja iliyotangulia. "The bag is blue. Moreover, it has two pockets" inachekesha, kwa kuwa hakuna hoja yoyote inayojengwa. "The bag is badly stitched. Moreover, the zip does not close" inakaa vizuri, kwa sababu sentensi ya pili inaongeza uzito kwenye lalamiko. Jedwali linaiweka kwenye safu moja na "also" na "in addition" bila kusema neno lolote juu ya hilo.

Kamusi za wanafunzi zinafanya kazi nzuri zaidi, na tatu kubwa, yaani Cambridge, Oxford na Longman, zinapatikana bure mtandaoni. Tunasisitiza kamusi za wanafunzi wa Kiingereza. Kamusi ya lugha mbili itakupa "hata hivyo" kwa "however", "nevertheless", "still" na "yet", na hapo unarudi kulekule kwenye jedwali. Unapofungua neno kwenye kamusi ya wanafunzi, soma mambo matatu kabla ya fasili. Kwanza, lebo ya aina ya neno, kwa sababu ndiyo inayokuambia familia. "Though" kwa mfano ina lebo mbili, ya kiunganishi na ya kielezi, na ndiyo maana inaweza kukaa mwishoni mwa sentensi wakati "although" haiwezi. Pili, lebo ya rejista inayoonyesha kama neno ni rasmi au ni la mazungumzo. Longman inaitia "moreover" lebo ya rasmi, na ni vyema ukaijua kabla ya kuiweka kwenye barua kwa rafiki. Tatu, sentensi za mfano, ukizisoma kwa jicho la uakifishaji.

Cambridge ina sehemu ya sarufi iliyo kando na kamusi, na humo maneno yanayochanganywa yanajadiliwa kwa jozi, pamoja na makosa ya kawaida. Kwa viunganishi, sehemu hiyo ina faida kuliko kamusi yenyewe. Oxford ina visanduku vinavyokusanya misemo ya kazi moja, navyo vinafanana na jedwali, ila kila msemo umewekwa ndani ya sentensi. Udhaifu wa zote tatu ni kwamba mifano mingi ni sentensi moja moja. Kielezi kama "however" kinaishi kati ya sentensi mbili, kwa hiyo ukionyeshwa ya pili pekee umenyimwa nusu ya somo.

Kasoro nyingine haiwezi kulaumiwa kwa kamusi, kwa kuwa zinaandikiwa dunia nzima. Mswahili anayeandika Kiingereza ana makosa yake, na hakuna zana kati ya hizi inayoyalenga. Kwetu "Ingawa barabara ilikuwa mbovu, lakini basi lilifika" inasikika kila siku. Kiingereza kinaruhusu kimoja tu: ukiwa na "although", "but" inaondoka. Pia "Kwa kuwa alichelewa, ndiyo maana alikosa nafasi" huzaa "Because he was late, that is why he missed his place". Katika Kiingereza "Because he was late, he missed his place" inatosha. Na "ambapo" ndiyo inayowasukuma wengi kuandika "whereby" kila mahali. "Whereby" inafaa pale inapomaanisha "kwa utaratibu ambao", kama katika "a system whereby members elect a leader". Kwa mahali ni "where", kwa wakati ni "when", na mara nyingi nukta na sentensi mpya vingetosha.

Academic Phrasebank ya Chuo Kikuu cha Manchester, iliyokusanywa na John Morley, imeandaliwa kwa ajili ya wanaoandika makala na tasnifu, nayo ni ya bure mtandaoni. Haipangi maneno, inapanga kazi: kutambulisha utafiti, kurejelea vyanzo, kueleza mbinu, kuripoti matokeo, kulinganisha, kueleza chanzo na athari, kumpeleka msomaji kutoka sehemu moja hadi nyingine. Ubora wake ni kwamba inakupa kiunzi kizima cha sentensi, hivyo sarufi inakuja na neno. Anayeandika tasnifu aifungue sehemu ya ulinganisho kabla ya jedwali lolote. Ubaya wake ni kwamba misemo imetengana na muktadha, na mtu asiyejua tofauti ya misemo miwili iliyo jirani atachagua ule mrefu zaidi. Kwa insha ya kidato au barua ya maombi ya kazi, lugha yake ni nzito mno.

Zana tunayoipa alama za juu kuliko zote ni korpasi, yaani hazina ya matini nyingi zilizokusanywa ili matumizi ya lugha yachunguzwe. Ya kuanzia ni COCA, iliyoundwa na Mark Davies aliyekuwa Chuo Kikuu cha Brigham Young. Ina maneno zaidi ya bilioni moja ya Kiingereza cha Marekani, ya kuanzia 1990 hadi 2019, yaliyogawanywa katika makundi manane: mazungumzo, hadithi, majarida, magazeti, maandishi ya kitaaluma, maneno ya filamu na televisheni, blogu, na kurasa nyingine za wavuti. Kujisajili ni bure, ila kuna kikomo cha utafutaji kwa siku kwa asiyelipa. Sura yake inatisha mwanzoni. Vitufe viwili tu vinatosha kwa kazi yetu.

Kitufe cha kwanza ni "Chart". Andika "moreover" na utaona mihimili, mmoja kwa kila kundi. Wa maandishi ya kitaaluma unapanda juu sana kuliko ule wa mazungumzo. Soma idadi kwa kila maneno milioni badala ya idadi ghafi, kwa sababu makundi yanakaribiana kwa ukubwa lakini hayalingani sawasawa. Fanya hivyohivyo kwa neno lolote unalolishuku kuwa rasmi mno au la mitaani mno, na swali la rejista limekwisha kwa nusu dakika. Kitufe cha pili ni "KWIC". Kinaleta mistari mingi, neno lako likiwa katikati, na majirani zake kulia na kushoto. Tafuta "however", kisha teremka ukitazama upande wa kushoto pekee: nukta, nukta-mkato, au mkato unaofuatiwa na mkato mwingine kulia. Halafu kuna mistari isiyo na mkato wowote baada yake, kama "however hard they tried". Hiyo ni "however" nyingine kabisa, yenye maana ya "hata wakijitahidi vipi", na ndiyo inayowachanganya wanaokariri kwamba neno hilo lazima lifuatwe na mkato. Bofya mstari wowote upate aya yenyewe, na hapo unaiona ile sentensi iliyotangulia ambayo kamusi ilikunyima.

Tahadhari mbili. Korpasi inahifadhi Kiingereza jinsi kilivyoandikwa, makosa yakiwemo, kwa hiyo ukitafuta uakifishaji chuja ubaki na maandishi ya kitaaluma na magazeti. Na COCA ni ya Marekani. Ukiandikia Waingereza, usishangae kwamba "whilst" haionekani sana humo. Kwa Kiingereza cha Uingereza ipo British National Corpus ya maneno milioni 100, ingawa matini zake ni za karne iliyopita.

Asiyetaka usajili wala vitufe aende SKELL, tovuti ya korpasi iliyorahisishwa kwa wanaojifunza Kiingereza. Andika neno au msemo, upate hadi sentensi 40 zilizochujwa ziwe rahisi kusomeka. Kwa viunganishi hasa, kama "although" na "unless", ni nzuri mno. Kwa "on the contrary" haina msaada, kwa sababu inaonyesha sentensi moja moja, na kauli inayokanushwa inabaki nje.

Programu za kusahihisha sarufi zinauzwa kwa ahadi kubwa. Kabla ya kulipia yoyote, ibandikie sentensi hizi:

"Although the road was bad, but the bus arrived on time."
"The road was bad, however the bus arrived on time."
"The road was bad. Therefore, the bus arrived on time."
"The road was not good. On the other hand, it was terrible."

Mbili za kwanza zina kosa la muundo, na programu isiyozikamata haistahili hata shilingi. Mbili za mwisho hazina kosa la sarufi. Kilichovunjika ni mantiki. Programu inayofuata kanuni itazipitisha, kwa kuwa haijui kwamba barabara mbovu huchelewesha basi. Programu za kisasa za mazungumzo zinaweza kuligundua hilo, lakini zina tabia nyingine: ukiziomba "ziboreshe" aya, huongeza "Moreover" na "Furthermore" mahali ambapo hapakuwa na haja. Ziombe kazi nyembamba zaidi. Ziambie zitaje kila kiunganishi kilichopo na kueleza sentensi zilizo pande zake mbili zinahusianaje, bila kubadilisha chochote. Maelezo yasipolingana na ulichokusudia, neno ulilochagua si lenyewe.

Vitabu vya kujaza nafasi tunavipitia haraka. Vinafaa kwa kuzoea alama za uakifishaji. Kasoro yao ni kwamba nafasi imeshaachwa, kwa hiyo jibu la "hapa hapahitajiki kiunganishi" halipo kabisa.

Na jibu hilo ndilo linalohitajika mara nyingi. Katika IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, mshikamano wa maandishi hubeba robo ya alama za uandishi. Vigezo vyake vinashusha alama kwa viunganishi vilivyowekwa kimashine au kupita kiasi. Alama ya juu kabisa inakwenda kwa maandishi ambayo mshikamano wake huvutia macho kwa nadra sana. Wanaisimu Halliday na Hasan, waliochambua mshikamano wa Kiingereza mwaka 1976, waliviweka viunganishi kuwa aina moja tu kati ya tano, pamoja na viwakilishi na kurudiwa kwa maneno yanayohusiana. Hakuna jedwali tuliloliona linalotaja kwamba "this" na nomino baada yake inafunga sentensi mbili kwa uimara kuliko "furthermore".

Tazama aya hii, ambayo ni mfano halisi wa mazao ya jedwali: "Many cities are growing fast. Furthermore, the roads are crowded. Therefore, people arrive late. Moreover, this affects companies." Futa viunganishi vyote vitatu, kisha jiulize kila sentensi inatoka wapi. Msongamano ni tokeo la ukuaji, si nyongeza, kwa hiyo "Furthermore" ilikuwa kosa tangu mwanzo. Hasara kwa kampuni ni tokeo la kuchelewa, kwa hiyo "Moreover" nayo haikuwa mahali pake. Aya ikiandikwa upya inakuwa hivi: "Many cities are growing faster than their roads. The resulting traffic makes people late for work, and this delay costs companies money." Kimebaki "and" peke yake, kazi nyingine imefanywa na "resulting" na "this delay".